Ufunguo Alioutoa Mwanawetu

Siku za Jumamosi Mwanawetu hakuamshwa na mtu. Aliamshwa na harufu ya vitunguu. Saa kumi na moja alfajiri mama yake, Bi Nusura, alikuwa ameshawasha majiko mawili ya mkaa uani, nyuma ya nyumba yao ya Bukoto, na ukijitia kulala harufu ile inakufuata mpaka ndani ya shuka. Mwanawetu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na kazi yake ilikuwa kuchambua mchele. Binamu yake Rahima, aliyekuja kila Jumamosi kusaidia, alimenya vitunguu saumu, akalalamika, akamenya tena.

Vyote vilikuwa vya pilau ya wafanyakazi wa Port Bell, bandari ya ziwani. Tangu baba yake Mwanawetu afariki, Bi Nusura alipika chakula chao cha mchana siku sita kwa wiki, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Sufuria zake zilikuwa kubwa, mtoto wa chekechea angeweza kuoga ndani yake. Alizibeba katika pijo la marehemu mumewe, gari la kijivu lenye nafasi pana nyuma. Shemeji zake walipomcheka kwa kulikatia gari kuukuu bima kubwa, ile inayolipa hata likiibwa, aliwajibu kwamba wao hawajui kupika kwa hiyo wasimfundishe kuendesha.

Ulikuwa mwaka 1974, na nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi. Watu wengi wa Kampala walikuwa wamejifunza kupunguza sauti kila mwenye sare ya kijani alipopita. Bi Nusura hakujifunza. Shingo yake ilikuwa ngumu tangu utotoni, na yeye mwenyewe alijivunia jambo hilo.

Jumamosi moja, saa sita mchana, aliegesha pijo karibu na reli, hapo ambapo mabehewa huteremshwa kutoka kwenye meli. Wafanyakazi wawili walibeba sufuria ya kwanza, naye akaingia nao langoni.

"Linda hii nyingine," alimwambia Mwanawetu. "Na ufunguo kaa nao wewe."

Mwanawetu aliketi kiti cha mbele, ufunguo mapajani, akijiona mtu mzima. Hazikupita dakika kumi mwanamume mmoja akaja. Alivaa sare ya jeshi iliyopigwa pasi vizuri. Mikono yake ilikuwa mitupu, bila bunduki wala fimbo, na usoni alikuwa na tabasamu.

"Asalam aleikum, binti," alisema. "Mama wapi?"

"Aleikum salaam. Yuko ndani, mzee."

"Gari hii inafunga njia. Behewa inakuja sasa hivi kutoka kwa meli. Leta funguo, mimi nasogeza kidogo tu."

Ndugu msomaji, usimcheke Mwanawetu. Katika nyumba yao mtu mzima akikuamkia kwa salamu kisha akakuomba kitu, humwulizi maswali. Unateremka, unapiga goti kama wafanyavyo mabinti wa Kampala mbele ya wakubwa, unampa kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo Mwanawetu alivyofunzwa kwa miaka kumi na mitatu, na hivyo ndivyo alivyofanya.

"Ahsante," yule mwanamume alisema akipokea. "Umelelewa vizuri."

Akaingia, akawasha moto, akarudi nyuma kwa ustadi mpaka akaiacha reli. Mwanawetu alisubiri asimame. Hakusimama. Aligeuza pijo, akakanyaga mafuta, akapotea kwenye njia ya Luzira pamoja na sufuria nzima ya pilau ya watu arobaini.

Wachuuzi wa samaki walikusanyika. "Banange, jamani, gari imeenda!" mmoja wao alipiga kelele. Bi Nusura alitoka langoni mbio, kitambaa cha kufutia mikono begani.

"Gari liko wapi?"

Ukweli ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wa Mwanawetu. Lakini macho yote yalikuwa yakimtazama, na aliona aibu kusema kwamba amempa mwizi ufunguo, tena kwa kumpigia goti.

"Alikuwa na bunduki, Mama," alisema. "Ni mwanajeshi. Alinielekezea hapa." Akagusa kifua chake.

Bi Nusura hakuuliza la pili. Alimvuta mwanawe, akamkumbatia. "Alhamdulillahi, uko hai. Gari ni chuma tu."

Mwanawetu alilia kweli. Mama yake alidhani analia kwa woga.

Gari lilikuwa chuma, sawa, lakini bila chuma kile chakula hakifiki bandarini. Bwana Wanyama, msimamizi wa wafanyakazi, alikuwa mtu mwema mwenye wakubwa wakali. Alimpa Bi Nusura miezi miwili tu ya kuhangaika na magari ya kukodi. Baada ya hapo, kama hana usafiri wake wa uhakika, kazi itapewa mpishi mwingine. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja: bima ilipe, au jiko lizimwe.

Bima nayo ilitaka ripoti ya polisi. Jumatatu Bi Nusura alimchukua Mwanawetu baada ya shule, wakaenda kituoni. Aliyekuwa mezani ni Sajini Dawudi, mtu mnene mwenye macho ya kuchoka. Alisikiliza mpaka aliposikia neno "sare," akaweka kalamu chini.

"Nyabo, mimi naandika hivi," alisema, akimwita "mama" kwa Kiganda. "Gari iliibiwa usiku, nyumbani Bukoto. Watu hawajulikani. Wewe unapata karatasi, bima inalipa, mambo inaisha."

"Usiku?" Bi Nusura alishangaa. "Usiku nilikuwa nampelekea nani pilau?"

"Wewe unataka kusema askari anaiba?"

"Ninasema mwanamume aliyevaa sare ya jeshi. Kama ni askari kweli, au nguo alizianua kwenye kamba ya mtu, hiyo ni kazi yako kuijua. Mimi sikuvaa hiyo kofia."

Kulikuwa na watu mjini waliosema machache kuliko hayo wakachukuliwa majumbani mwao, na hadi leo hawajarudi. Sajini alitazama mlangoni kabla ya kujibu, na sauti yake ikashuka.

"Nyabo, mimi nina watoto."

"Na mimi ninaye. Huyu hapa anakusikiliza. Unataka ajifunze nini kwako leo?"

Sajini Dawudi alimtazama Mwanawetu. Mwanawetu naye, aliyekuwa akitazamwa na wote wawili, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Andika nilivyosema," Bi Nusura alimaliza, "au niandikie kwamba umekataa kuandika, utie sahihi na namba yako."

Hakuandika chochote siku hiyo. Jumanne Bi Nusura alirudi na ungo na mchele wake, akakaa kwenye benchi la kituo, akachambua mchele wa kesho. Jumatano vilevile. Kila aliyeingia aliuliza huyu mama ana shida gani, na kila aliyeuliza alijibiwa kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Makapi yalienea sakafuni na polisi wa zamu wakawa wanayaruka. Jumatano jioni Sajini Dawudi alichukua kalamu kwa hasira.

"Haya, naandika! Mtu mmoja, sare ya jeshi, mchana, Port Bell. Alichukua gari namna gani?"

Bi Nusura alimgeukia binti yake, aliyemfuata baada ya shule. "Mwambie, mwanangu."

"Kwa bunduki," Mwanawetu alinong'ona.

Ikaandikwa, ikapigwa muhuri. Bi Nusura aliibeba karatasi ile nyumbani kwa mikono miwili. Mwanawetu hakula usiku huo.

Jumamosi alimvuta Rahima nyuma ya jiko, akamwambia yote. Rahima aliacha mdomo wazi.

"Hakuwa na bunduki hata kidogo?"

"Hata kijiti."

Rahima alifikiri. Alikuwa mkubwa kwa mwaka mmoja na alipenda kutoa mashauri. "Basi nyamaza. Umeshasema bunduki, bunduki na iwepo. Ukibadilisha sasa, bima haitalipa, na kazi ya bandarini itakwenda. Umekosa mara moja, usikose mara mbili."

Maneno ya Rahima yalikuwa na akili, na Mwanawetu aliyashika siku tatu nzima.

Jumanne ya wiki iliyofuata waliitwa kwenye kampuni ya bima, ghorofa ya pili, karibu na uwanja wa Nakivubo. Karani wa madai alikuwa Mkenya aliyeitwa Bwana Ogutu, mrefu, mwenye tai iliyokazwa na penseli nyuma ya sikio. Mbele yake palikuwa na fomu ya madai, kadi ya gari na ripoti ya polisi.

"Mama, pole sana," alianza. "Hii ripoti ni ya ajabu. Mwaka huu wote, kila gari linaloletwa hapa limeibwa usiku na watu wasiojulikana. Nilianza kudhani mchana wezi wanalala."

"Mimi langu liliibwa mchana," alisema Bi Nusura.

"Naona. Sasa niulize machache. Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Binti yangu."

"Nauliza kwa sababu moja. Mwenye gari akimpa mtu ufunguo kwa hiari yake, huo si wizi. Ni kuazimisha, na kampuni haiwezi kulipa." Alimsogezea Mwanawetu karatasi na kalamu. "Wewe ndiwe shahidi, binti. Soma hapa. Kama ndivyo ilivyokuwa, andika jina lako chini."

Mwanawetu alisoma. *Alinielekezea bunduki akaninyang'anya ufunguo. Ninathibitisha kwamba haya ni kweli.* Kwa hiari, karani alikuwa amesema. Si alitoa kwa hiari? Akiandika jina lake, pijo litalipwa. Akikataa, jiko litazimwa, na aliyelizima ni yeye. Akamtazama mama yake. Bi Nusura alikuwa amekaa wima, kichwa juu, kama alivyokaa siku mbili kwenye benchi la polisi, akitetea kila neno la mwanawe mbele ya watu ambao wengine waliogopa hata kuwatazama. Alikuwa akitetea uongo, na hakujua.

Mwanawetu aliweka kalamu mezani.

"Siwezi," alisema. "Hakukuwa na bunduki."

"Unasema nini?" aliuliza Bi Nusura.

"Aliniamkia, Mama. Akasema behewa linakuja na gari limefunga njia, nimpe ufunguo asogeze. Nikampa mwenyewe. Nilipiga goti." Machozi yalimtoka lakini hakuinamisha uso. "Nilidanganya kwa sababu niliona aibu. Pijo lisipolipwa, kosa ni langu. Lakini jina langu siandiki hapo."

Mkono wa Bi Nusura uliokuwa juu ya meza ulijikunja ngumi, kisha ukafunguka polepole. Alikasirika, hilo lazima lisemwe, tena alikasirika sana. Siku tatu alikuwa amewakodolea macho polisi kwa ajili ya bunduki ambayo haikuwepo.

Bwana Ogutu alifungua droo, akatoa barua iliyokwisha kupigwa taipu, akamwekea Bi Nusura mbele. "Mama, soma hii. Niliiandaa jana. Nilikuwa nangoja sahihi ya shahidi tu."

Bi Nusura alisoma kwa sauti. Kampuni ilisikitika kwamba haiwezi kulipa, kwa kuwa mkataba haufidii gari lililochukuliwa kwa nguvu za kijeshi.

"Mtu wa sare akitumia bunduki, kwa mkataba huu hizo ni nguvu za kijeshi," karani alieleza. "Mimi sikuutunga. Binti angeandika jina lake, ningelifunga faili leo hii."

"Na sasa?" Bi Nusura aliuliza.

"Sasa ni jambo lingine kabisa. Gari ni la nani?"

"Langu."

"Wewe ulimpa mtu ruhusa?"

"Nilikuwa ndani napakua pilau!"

"Mtoto hana leseni wala hana mamlaka ya kuazimisha gari la mama yake. Mtu mzima amemdanganya ili apate ufunguo, akakimbia. Huo ni wizi, na wizi tunalipa." Akagonga ripoti ya polisi kwa penseli yake. "Ila hii inasema bunduki. Lazima ibadilishwe. Mimi siwezi kupokea karatasi mbili zinazogombana."

Karatasi ile ya siku tatu! Bi Nusura aliikunja, akaitia mkobani.

"Twende," alimwambia Mwanawetu. Kwenye mlango wa kituo alisimama. "Safari hii mimi sitasema kitu. Bunduki uliitengeneza wewe. Kaibomoe wewe."

Sajini Dawudi alipowaona alishika kichwa. "Nyabo, tena? Leo mchele iko wapi?"

Bi Nusura alikaa kwenye benchi. Mwanawetu alisogea mezani. Safari hii hakupiga goti.

"Afande, nimekuja kubadilisha maneno yangu. Yule mtu hakuwa na bunduki. Alinidanganya nikampa ufunguo."

Uso wa sajini ulibadilika. Alisimama, akaegemea meza kwa mikono yote miwili. "Wewe mtoto, unachezea serikali? Kudanganya polisi ni makosa. Mimi naweza kukufungia ndani leo. Unajua hiyo?"

"Najua," Mwanawetu alisema. "Ndiyo maana nimerudi."

Polisi mmoja nyuma alikohoa, na kikohozi chenyewe kilifanana sana na kicheko. Sajini Dawudi aliendelea kumkazia macho. Mwanawetu hakuyahamisha macho yake.

"Na ile sare?" sajini aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetumaini. "Sare nayo ilikuwa uongo?"

Hapo Mwanawetu alikuwa na njia rahisi. Angesema ndiyo, na kila mtu katika chumba kile angelala salama.

"Hapana, afande. Sare ilikuwepo. Ilikuwa imepigwa pasi. Andika sare, bunduki ufute."

Sajini alitazama mlangoni, akamtazama Bi Nusura kwenye benchi, akashusha pumzi ndefu. Kisha akavuta karatasi mpya. Aliandika polepole, akasoma kwa sauti kila mstari, na Mwanawetu aliposema ndivyo, akapiga muhuri kwa nguvu mpaka wino ukaruka.

"Chukua," alisema. Alipompa karatasi hakuiachia mara moja. "Binti yangu ana umri kama wako," aliongeza, kisha akaiachia.

Majibu ya bima yalichukua wiki sita. Katika wiki hizo Bi Nusura alikodi magari, akagombana na madereva, na siku mbili alipeleka wali kwa mkokoteni mpaka Port Bell akitembea nyuma yake. Mwanawetu aliamka saa kumi badala ya kumi na moja, bila kuambiwa. Pijo halikuonekana tena, wala yule mwanamume. Zikiwa zimebaki siku tisa kufika mwisho wa muda wa Bwana Wanyama, Bwana Ogutu alileta hundi yeye mwenyewe, akapewa sahani ya pilau, akaongezewa, akalegeza tai.

Alipoondoka, Bi Nusura alimwita Mwanawetu akae. Rahima naye alijongea na kisu chake cha vitunguu, ili asipitwe.

"Nina mambo mawili," Bi Nusura alisema. "La kwanza ni langu. Nilikufundisha heshima nusu. Nilikwambia mpe mkubwa akuombacho, sikukwambia kwamba wakubwa wengine wanaitumia heshima yako kukuibia. Mwamkie kila mtu. Pokea salamu ya kila mtu. Ufunguo ubaki mkononi mwako. Anayekuheshimu kweli atamngoja mwenye mali."

"Ndiyo, Mama."

"La pili ni lako. Watu waliniuliza nilipata wapi ujasiri wa kukaa pale kituoni. Sikuwa na ujasiri wowote. Nilikuwa naogopa. Lakini nilijua ninachosema ni kweli, na mtu anayesema kweli ana mahali pa kuweka miguu. Wewe uliweka uongo mmoja mdogo chini ya miguu yangu bila kuniambia. Wangenisukuma kidogo tu, ningeanguka mimi, na wangesema kila nililolisema lilikuwa uongo, hata sare."

Mwanawetu aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mama."

"Nilikusamehe palepale kituoni." Bi Nusura alimshika kidevu, akamwinua uso. "Siku ile sajini alipokutisha, nawe ukamwambia unajua, ndiyo maana umerudi, mimi kwenye benchi nilisema moyoni: bima ilipe, isilipe, mimi nimeshalipwa."